Betri ya sola imekufa kabla ya miaka miwili: je, ni simu za majirani?

«Mtaalamu, salaam. Ninaishi kijijini, wilayani Handeni, na nina duka dogo hapo nyumbani. Mwaka juzi tulifunga sola: paneli moja ya wati 200, kontrola, betri ya N100 na inveta ya wati 1,000. Tunawasha taa tano za ndani, taa moja ya nje usiku kucha, na televisheni ya inchi 32 pamoja na king'amuzi, kuanzia watoto wanapotoka shule saa tisa alasiri hadi saa nne usiku. Majirani huleta simu kuchaji, kama kumi kwa siku, na wengi wao siwatozi kitu. Sasa hivi umeme haufiki hata saa mbili usiku. Mume wangu anasema simu za majirani ndizo zilizoua betri na anataka niwakataze. Fundi aliyetufungia anasema tuongeze paneli, fundi mwingine anataka kuiongezea betri maji makali. Nilikuwa naweka akiba ninunue friji niuze juisi na barafu. Nguzo ya TANESCO imeshafika, mita kama ishirini kutoka kwetu, lakini kijana wetu aliyeko chuoni anasema kuacha sola ni kurudi nyuma na kuharibu mazingira. Nifanye nini?»

Dada yangu, swali lako lina maswali matatu ndani yake: nani ameua betri, kama friji itawezekana, na kama kuvuta umeme wa TANESCO ni kosa. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu naona limeshaingia katika ujirani wenu, na ninadhani mmemtwisha lawama mtu asiyehusika.

Umeme unaotumika nyumbani hupimwa kwa wati-saa, yaani wati za kifaa mara saa ambazo kimewashwa. Simu ndogo ya kitochi, kutoka sifuri hadi kujaa, haizidi wati-saa 6 au 7. Simu janja yenye betri kubwa inaweza kufikia 25. Simu kumi zilizochanganyika, ambazo nyingine hazikuwa zimeisha kabisa, tuzipe wati-saa 120 kwa siku. Sasa tazama vitu vyenu wenyewe. Televisheni ya inchi 32 na king'amuzi chake hula wati 60 hivi, na kwa saa saba hiyo ni 420. Taa tano za wati 5 kwa saa tano ni 125. Taa ya nje, kama ni ya wati 9, kwa saa kumi na mbili ni 108. Kisha kuna mlaji ambaye hukumtaja, kwa sababu hafanyi kelele wala hatoi mwanga: inveta yenyewe. Inveta ya wati 1,000 ikiwa imewashwa tu, bila kifaa chochote kuchomekwa, kwa kawaida hula wati 10 au zaidi ili kujiendesha. Nyumba nyingi ninazozikagua haizimwi kamwe, mchana wala usiku, na nadhani hata kwenu ni hivyo. Wati 10 kwa saa ishirini na nne ni wati-saa 240, yaani mara mbili ya simu zote za majirani.

Ukijumlisha yote, pamoja na kile kinachopotea inveta inapogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa volti 230, mnatumia takriban wati-saa 1,100 kwa siku. Simu ni kama sehemu moja kati ya tisa, na ikiwa huchajiwa mchana jua likiwa kali, hutumia umeme unaotoka kwenye paneli muda huohuo na karibu haziigusi betri. Mwonyeshe mzee hesabu hii kwa upole. Ukitaka kuwatoza majirani chochote kwa ajili ya kununua betri mpya, hilo ni jambo la haki na sidhani kuna atakayenuna, lakini kuwakatia huduma hiyo hakutaokoa betri ya kesho.

Sasa upande wa mapato ya umeme. Paneli ya wati 200 hutoa wati 200 katika vipimo vya kiwandani, ikiwa na ubaridi ambao juani kwetu haupo. Wengi huamini kwamba joto ndilo linaloendesha sola, na ukweli ni kinyume: paneli hufanya kazi kwa mwanga, na kila inavyopata joto ndivyo inavyopunguza nguvu. Ongeza vumbi, waya mwembamba au mrefu, na hasara inayotokea betri inapopokea chaji, utakuta kwamba katika siku nzuri yenye jua sawa na saa tano za mwanga kamili, kinachobaki cha kutumia ni wati-saa 600 hadi 700. Siku za masika ni chini ya hapo. Mnaingiza 650 na kutoa 1,100, na betri ndiyo iliyokuwa ikilipa pengo hilo kwa uhai wake.

Inalipaje? Betri ya risasi na tindikali ina mabamba ya risasi yaliyozama ndani ya tindikali, au yaliyobanwa pamoja nayo kama ni betri iliyozibwa. Inapotoa umeme, salfeti ya risasi huota juu ya mabamba kama utando laini, na inapochajiwa utando huo huyeyuka na kurudi kwenye tindikali. Salfeti ikikaa siku nyingi bila kuondolewa, hugeuka chembe ngumu zisizoyeyuka tena, na kila sehemu ya bamba iliyofunikwa na chembe hizo imekufa. Ndiyo maana betri hizi haziuawi tu kwa kutumiwa sana. Huuawa hasa kwa kutojazwa kabisa, siku baada ya siku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukitaka ikae miaka mitatu, minne, usiivushe nusu, yaani 600. Ninyi kuanzia jua kuzama hadi asubuhi mlikuwa mnachukua zaidi ya 600 kila siku.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata mafundi wengi hulipita. Kipande cha mwisho cha kuijaza betri ya risasi, kama asilimia 20 ya juu, huingia polepole sana, na huhitaji saa kadhaa za jua hata kama betri inaonekana imeshapokea vya kutosha. Saa hizo kwa kawaida ni za alasiri. Televisheni yenu huwashwa saa tisa, wakati hasa ambapo betri ilikuwa inamalizia kujaa, na jua la alasiri likaishia kwenye katuni. Siwaambii muwanyime watoto televisheni. Ninasema kwamba saa mbili zile, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, zina thamani kubwa kuliko saa mbili nyingine zozote za siku.

La pili ni jinsi inveta ilivyofungwa. Kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, nyingi zina kinga ya kukata umeme betri ikishuka, kwa kawaida kwenye volti 11 na kidogo. Lakini inveta kubwa haiwezi kupita kwenye kontrola ndogo, kwa kuwa huvuta mkondo mkubwa, kwa hiyo fundi huifunga moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Amefanya sawasawa, ila sasa kinga ya kontrola haihusiki tena, na kinachobaki ni kinga ya inveta yenyewe, ambayo nyingi hukata kwenye volti 10.5. Wakati huo betri imeshaisha chaji kabisa. Mlio ule wa inveta mnaousikia usiku kabla haijazima ni ishara kwamba mlichelewa saa kadhaa zilizopita. Fundi awapimie volti betri ikiwa imetulia bila kuchaji wala kutumika kwa saa kadhaa: iliyojaa husoma karibu 12.7, iliyofika nusu husoma 12.2 hivi, na ikisoma chini ya 11.9 ujue imeisha.

Mniangalizie pia maandishi ya betri yenu. N100 hueleza ukubwa, na betri nyingi za ukubwa huo zilitengenezwa kwa malori. Betri ya gari ina mabamba membamba mengi, yaliyokusudiwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini kisha ijazwe mara moja. Ikilazimishwa kutoa umeme polepole usiku kucha, mabamba hayo huchakaa upesi. Betri ya sola ina mabamba mazito. Ikiwa mliuziwa ya gari, basi mwaka na miezi kadhaa iliyofanya kazi ni mingi kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu maji makali, kataa. Betri ya maji inapopungua huwa imepoteza maji tu, tindikali imebaki ndani, hivyo huongezwa maji safi ya betri peke yake, hadi juu kidogo ya mabamba. Ukiongeza tindikali, betri husoma vizuri kwa wiki moja au mbili, na huku mabamba yanaliwa. Kabla hamjaitupa, ipelekeni mjini ichajiwe kwa chaja nzuri kwa usiku mzima, ipumzike, kisha ipimwe ikiwa na mzigo. Ikianguka haraka chini ya mzigo mdogo, imekufa, na pesa ya kuifufua ni afadhali iwe sehemu ya bei ya mpya.

Fundi wa kuongeza paneli yuko sahihi nusu. Paneli ya pili ya wati 200 itafunika pengo lenu, na siku hizi paneli ndiyo sehemu ya bei nafuu zaidi katika mfumo mzima. Lakini akaangalie kontrola kwanza, maana paneli mbili za aina hiyo zinaweza kutoa zaidi ya ampea 20, na kontrola ya ampea 10 au 20 itaungua. Pia msiuziwe paneli kubwa ya zile za mifumo ya volti 24 ikafungwa kwenye kontrola ya kawaida na betri ya volti 12, kwa sababu karibu nusu ya nguvu yake itapotea. Zaidi ya yote, paneli mpya haiwezi kuiponya betri iliyokwisha kufa.

Kabla ya kununua paneli au betri, punguzeni matumizi, kwa sababu gharama yake ni ndogo. Inveta izimwe kila isipokuwa na kazi. Taa zote zibadilishwe ziwe za volti 12 na zifungwe kwenye kontrola, ili ziwake bila inveta na zilindwe na ile kinga niliyoitaja. Taa ya nje iwe ya wati 3 au yenye kihisi cha mtu kupita. Simu zichajiwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkifanya hayo tu, matumizi yatashuka hadi karibu wati-saa 850, na mkiichelewesha televisheni hadi saa kumi na moja yatakuwa karibu 700, na hapo mtakuwa mmefika mahali ambapo paneli moja na betri moja ya kweli ya sola vinatosha, isipokuwa siku za mvua ndefu.

Aina ya betri mpya ni suala la mfuko wenu. Ya risasi ni ya bei ya chini dukani, lakini unaitumia nusu tu na utainunua tena. Ya lithiamu, ile aina ya chuma na fosfeti, hutumika hadi asilimia 80 au zaidi, haidhuriki kwa kutojazwa kabisa, na ikitunzwa hudumu miaka mingi kuliko ya risasi. Ubaya wake ni bei ya kuanzia, na kwamba kontrola lazima iwe na mpangilio wa lithiamu. Kwa familia ambayo haina umeme mwingine, mimi ningesubiri miezi michache nikusanye ya lithiamu. Kwenu ninyi wenye nguzo mita ishirini kutoka mlangoni, jibu langu ni tofauti, na sababu yake ni friji.

Friji ndogo ya kawaida katika joto la Handeni, ikifunguliwa mara kwa mara na wateja, itakula karibu wati-saa 1,000 kwa siku, na kompresa inapoanza huvuta nguvu mara kadhaa ya ile iliyoandikwa, kiasi ambacho inveta nyingi za bei nafuu hushindwa. Hiyo ni ya kupoza tu. Barafu ni kazi nyingine kabisa. Kuchukua lita moja ya maji yenye nyuzi 30 na kuyagandisha huhitaji kuondoa joto la kilojuli 460 hivi, na karibu robo tatu ya joto hilo huondolewa pale maji yanapokuwa tayari yana nyuzi sifuri, wakati yakigeuka kuwa barafu. Kwa friji ya kawaida hiyo ni kama wati-saa 85 kwa lita. Ukitaka kugandisha lita 20 za vifuko kwa siku, ni wati-saa 1,700 juu ya ule umeme wa friji yenyewe. Jumla yake ni karibu mara nne ya kile paneli yenu inachoweza kutoa. Ziko friji za volti 12 zilizotengenezwa kwa sola, zenye kuta nene, ambazo hula robo au theluthi ya ile ya kawaida, nazo zinafaa kwa soda na juisi. Kwa biashara ya barafu, mtaji wa paneli na betri utakaohitaji utameza faida ya miaka.

Kwa hiyo vuteni TANESCO, na sola ibaki. Kijijini, kuunganishwa kwa umeme wa njia moja, ule wa kawaida wa majumbani, kumekuwa kukilipiwa shilingi 27,000, ila nendeni ofisi ya wilaya mthibitishe eneo lenu limehesabiwa kijiji na si mji, kwa kuwa mjini bei ni kubwa zaidi ya mara kumi. Gharama inayowashtua wengi ni ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili, ulizeni kuhusu UMETA, yaani Umeme Tayari, kifaa kinachokuja na soketi na swichi zake na kupunguza haja ya nyaya hizo. Uniti moja ni wati-saa 1,000, na mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Friji ya uniti moja kwa siku ni uniti 30 kwa mwezi. Ukiweka na barafu, utakaribia 80 hata kabla ya televisheni, na uniti zinazozidi 75 hulipiwa zaidi ya mara tatu ya bei hiyo, hivyo anza na juisi, kisha pima barafu inalipa kiasi gani. Uliza pia kama duka litawekwa kwenye bei ya biashara. Taa na simu zibaki kwenye sola, ili siku umeme ukikatika nyumba isiwe gizani na duka lisifungwe mapema.

Kijana wenu ana moyo mzuri, na ninafurahi kwamba vijana wanayajali haya. Mwambie tu kwamba umeme wa gridi ya Tanzania nao kwa sehemu kubwa unatokana na maji. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Sehemu nyingine ni gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo si safi kwa kiwango cha jua. Maji nayo yana udhaifu wake, na mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2022, mvua zilipokosekana, haujasahaulika. Lakini kama anataka kuona uharibifu mkubwa wa mazingira katika nyumba zetu, atazame jikoni, kwenye gunia la mkaa. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mkishapata mita ya Luku ya TANESCO, sufuria ya umeme ya presha itaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na hapo ndipo familia yenu itakapoisaidia misitu ya Handeni kuliko kwa kubishania nguzo.

Na kama kijana anajali kweli, mpeni kazi ya kuhakikisha betri iliyokufa haitupwi shimoni wala kuvunjwa uani. Risasi ni sumu inayodumaza akili za watoto, na haionekani wala hainuki. Huko Owino Uhuru, Mombasa, moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri chakavu viliwadhuru wakazi kwa miaka. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo na ambaye mtoto wake alikutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano yaliyomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri chakavu ina thamani. Irudisheni dukani mnaponunua mpya, ikiwa nzima, mfuniko ukiwa umefungwa, na imesimama wima.

Mwisho, yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi na lazima fundi aje. Betri ikivimba, ikiwa ya moto kushika, au ikitoa harufu ya yai bovu, zimeni kila kitu, fungueni madirisha, msiwashe kiberiti, na watoto watoke chumba hicho. Tindikali ikimgusa mtu jichoni, aoshwe kwa maji mengi safi kwa dakika ishirini bila kukoma, kisha apelekwe zahanati. Waya unaopata joto au soketi iliyobadilika rangi visisubiri kesho. Hakikisheni pia kuna fyuzi kati ya betri na inveta, karibu kabisa na betri. Nyaya za TANESCO na za inveta zisikutane kwenye soketi moja isipokuwa kupitia swichi ya kuhamisha iliyofungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, kwa sababu umeme wa inveta ukirudi nyuma kwenye laini wakati wa katizo, unaweza kumuua fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa.